Siku moja Ahmedabad, shangazi na goti lake

Swali: Shikamoo. Nipo Ahmedabad, India, na shangazi yangu aliyekuja kutibiwa goti. Vipimo vimekwisha, daktari anasema atembee kidogo kidogo, na Jumamosi hatuna miadi yoyote. Dereva aliyeletwa na hoteli ametuandikia ratiba ya sehemu kumi na moja, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Inafaa? Na ni kweli kuna msikiti hapa uliojengwa na Mwafrika? – Msomaji, Tanga

Jibu: Marahaba. Ratiba hiyo msiikubali. Sehemu kumi na moja kwa saa nane zinawezekana tu kama mnatazamia dirishani, na kile mnachopaswa kukiona Ahmedabad hakionekani dirishani. Mji mkongwe ni vichochoro ambavyo gari haliingii. Dereva atawashusha barabara kuu, mpige picha lango, mrudi garini, na katikati ya safari mtajikuta kwenye duka la vitambaa ambako yeye ana kamisheni yake. Kosa la pili ni hiyo saa nne. Saa nne asubuhi ndipo pikipiki, mikokoteni na jua vinapouvamia mji kwa pamoja, na ndipo matembezi mazuri ya asubuhi yanapoelekea kwisha.

Saa zote nitakazotaja ni za Kiswahili na za India. Saa mbili kasorobo asubuhi ni 7:45 kwenye simu yako, na India iko mbele ya Tanga kwa saa mbili na nusu. Ukipatana na dereva mwonyeshe tarakimu za simu. Ukimtajia hesabu ya kwetu mtapishana kwa saa sita.

Ushauri wangu ni kuigawa siku kwa ajili ya lile goti. Asubuhi uende peke yako kwa miguu, shangazi alale. Adhuhuri mkutane kwa chakula. Alasiri uende naye sehemu mbili tu, zote tambarare. Usiku, akiwa bado na nguvu, ya tatu.

Asubuhi

Manispaa ya Ahmedabad inaendesha matembezi ya mji mkongwe yenye mwongozaji tangu Novemba 1997. Wageni hukusanyika kwenye hekalu la Swaminarayan, mtaa wa Kalupur, kama saa mbili kasorobo, na matembezi huishia Msikiti wa Ijumaa kama saa nne na nusu. Njia haizidi kilomita tatu, ila imejaa vizingiti, mawe yasiyolingana na kupisha pikipiki, ndiyo maana nasema shangazi asije. Tiketi ni rupia mia chache. Mwulize mtu wa hoteli athibitishe siku moja kabla kwamba kuna kundi, maana nyakati za joto kali saa hubadilika.

Mwongozaji chukua. Kuna miji unayoweza kuizunguka kwa ramani ya simu, lakini huu sio. Mitaa ya ndani huitwa pol. Ni mtaa uliojifunga, wenye lango moja linalofungwa usiku, nyumba zimegusana kuta, na mara nyingi kuna njia ya siri ya kutokea pol ya jirani ambayo wenyeji pekee ndio huijua. Ramani itakuonyesha kichochoro kimefika mwisho, kumbe mlango unaodhani ni wa nyumba ya mtu ndio njia. Kuna mamia ya pol hizi, na ndizo hasa zilizofanya UNESCO, mwaka 2017, iutaje Ahmedabad kuwa mji wa kwanza wa India kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Hekalu la kuanzia ni la mwaka 1822, la kwanza kabisa la dhehebu la Kihindu la Swaminarayan. Angalia nguzo za msaji zilizochongwa na kupakwa rangi kali. Viatu nje. Usikae sana, maana utamu uko mbele.

Kwenye pol, nyanyua macho. Ghorofa ya juu imechomoza kuliko ya chini, imebebwa na mihimili ya mbao yenye nakshi za maua, kasuku na sura za watu. Mtu wa Pwani hapa atasita kidogo, kwa kuwa ile milango ya Mji Mkongwe wa Unguja yenye vibao vya kukunja, inayoitwa milango ya Kigujarati, asili yake ni jimbo hili la Gujarat. Mbao hizo hazikuwekwa kwa urembo tu. Ndani ya kuta za matofali mafundi walilaza mihimili ya mbao, ili ardhi ikitetemeka ukuta uyumbe bila kumwagika, na Gujarat ni nchi ya matetemeko. Wembamba wa vichochoro nao una kazi: kivuli. Tofauti ya joto kati ya barabara kuu na ndani ya pol utaisikia mwilini.

Mambo mawili zaidi uyaulizie, kwa kuwa waongozaji wengine huyapita haraka. La kwanza ni chabutro, kibanda cha nakshi juu ya nguzo katikati ya uwanja wa pol. Ni cha kulishia ndege. Waliojenga mji walikata miti, wakaona wawalipe ndege kwa kuwajengea pa kula. La pili ni birika la chini ya nyumba. Maji ya mvua hushuka kutoka paani kwa bomba, yale ya mvua za kwanza humwagwa kwa sababu yanaosha vumbi, yanayofuata huingia birikani na kukaa gizani mwaka mzima. Waliokulia kwenye nyumba za zamani za Mombasa au Lamu hawatahitaji kuelezwa sana.

Kwenye pol ya Lambeshwar utamkuta mshairi Dalpatram (1820–1898) ameketi barazani, wa shaba, ukubwa wa mtu. Nyumba yake ilibomoka, jiji likaacha uso wa mbele tu na kumweka mwenyewe akae pale. Unaruhusiwa kukaa naye. Nyumba nyingine nyingi njiani utaziona zimefungwa kufuli au zimeegemezwa nguzo: wenyewe wamehamia ng'ambo ya mto kwenye maghorofa, na warithi wakiwa kumi, hakuna anayetoa pesa ya kupaka rangi.

Matembezi hupita Manek Chowk, uwanja wa masonara, kisha humalizikia Msikiti wa Ijumaa. Hapa usiondoke na kundi, baki nusu saa. Sultani Ahmad Shah wa Kwanza alianzisha mji huu mwaka 1411, na msikiti ukakamilika 1424: nguzo 260, makuba 15, jiwe la mchanga la rangi ya manjano. Ingia katikati ya nguzo utazame juu. Waashi walikuwa wa jadi ya mahekalu, na mkono wao unaonekana kwenye maua ya dari na namna nguzo zilivyopangwa. Minara miwili mikubwa haipo. Iling'olewa na tetemeko la Juni 1819, na ukitazama kila upande wa tao kuu utaona mashina yake yamebaki. Uwanja wa katikati una birika la kutawadhia, na sakafu yake ni wazi kwa jua. Kufika saa tano inaunguza nyayo, kwa hiyo beba soksi. Ijumaa adhuhuri watalii hawana nafasi hapa. Jumamosi yenu haina shida hiyo, mradi uepuke muda wa sala. Mabega na magoti yafunikwe, na ukiwa mwanamke uwe na mtandio mkobani.

Ukitoka msikitini, fuata barabara kuu kuelekea magharibi hadi Teen Darwaza, lango lenye matao matatu lililokuwa njia ya kwenda ngomeni. Kwenye tao moja kuna taa ndogo ya mafuta. Inasimuliwa kuwa mungu wa kike wa utajiri alitaka kuuhama mji usiku, mlinzi akamwomba asubiri mpaka amwombe sultani ruhusa, kisha akajitoa uhai ili asirudi na mama wa watu abaki pale milele. Taa ya kumbukumbu yake huwashwa na familia ya Kiislamu, kwa ajili ya mungu wa Kihindu. Bila mwongozaji unapita chini yake usiione.

Adhuhuri

Mwambie shangazi achukue bajaji imshushe eneo la Lal Darwaza, si Manek Chowk. Manek Chowk wakati huo foleni haisogei, naye atalazimika kushuka na kutembea. Bajaji zina mita. Sema tu “mita” kabla ya kupanda. Ikiwa dereva anataka bei ya kupatana, fungua programu ya Uber au Ola uone bei yake kwanza, hiyo ndiyo dari yako. Noti za rupia 10, 20, 50 na 100 muwe nazo nyingi, kwa kuwa wenyeji wanalipana kwa simu na chenji haiko mifukoni.

Chakula cha mchana kiwe thali ya Kigujarati: sinia lenye vibakuli vya mboga, dengu, mtindi, mikate myembamba, achari na kitu kitamu. Ni bei moja na huongezwa mpaka ukatae. Wahudumu hawasubiri uombe, wanamwaga tu. Funika sinia kwa kiganja na useme “bas”. Maana yake ni hiyo hiyo ya “basi” yetu. Tahadhari mbili. Dengu la Gujarat huwekwa sukari ya guru, na vitamu ni vitamu kwelikweli, hivyo kama shangazi ana kisukari ahesabu hata kile anachodhani ni mchuzi. Pili, migahawa mingine ya asili hukalisha wageni chini, kwa hiyo ulizeni meza na viti kabla ya kuingia. Ulizeni pia choo cha kukaa, kwa sababu cha kuchuchumaa kwa goti lile ni adhabu. Hoteli za daraja la kati zinazotazamana na msikiti wa Sidi Saiyyed, ule uliouulizia, zina vyote viwili.

Nyama mtaipata kichochoro cha Bhatiyar, karibu na Teen Darwaza, mtaa wa wapishi wa Kiislamu. Pombe msiitafute. Gujarat ni jimbo kavu tangu lianzishwe mwaka 1960, na mgeni anahitaji kibali maalumu. Maji ni ya chupa iliyofungwa. Vitu vya barabarani vinavyokaangwa mbele yenu havina neno. Vile vinavyojazwa maji ya ndimu na mnanaa, waachieni wenye matumbo ya huku.

Kisha mrudi hotelini mlale mpaka saa tisa. Usione kama mnapoteza muda. Kuanzia Aprili hadi Juni joto hupita nyuzi 40, na hata Desemba jua la saa nane si la mgonjwa.

Alasiri

Sehemu ya kwanza ni Ashram ya Sabarmati, makazi ya zamani ya Mahatma Gandhi, mpigania uhuru wa India, na wafuasi wake. Iko ng'ambo ya mto, kaskazini. Kuingia ni bure na hufungwa jioni kama saa kumi na mbili na nusu. Gandhi aliishi hapa kuanzia 1917 hadi 1930, baada ya miaka yake ya Afrika Kusini. Tarehe 12 Machi 1930 alitoka hapa na wenzake 78 kwa miguu kwenda kijiji cha pwani cha Dandi, kama kilomita 385, kuvunja sheria ya chumvi ya Waingereza. Nyumba yake, Hriday Kunj, ni vyumba vichache vyenye mkeka, gurudumu la kusokotea uzi na dawati dogo. Usikimbilie kutoka. Jumba la makumbusho pembeni, lililofunguliwa 1963, lilibuniwa na msanifu majengo Charles Correa: kuta chache, hewa inapita, hakuna ngazi za kumsumbua shangazi, na kuna mahali pa kukaa penye kivuli. Mradi mkubwa wa kupanua eneo ulizinduliwa Machi 2024, kwa hiyo lango la kuingilia laweza kuwa limehamishwa. Mwambie dereva aulize walinzi kabla hajawashusha mbali.

Sehemu ya pili ndiyo jibu la swali lako la mwisho. Ndiyo, ni kweli. Msikiti wa Sidi Saiyyed ulijengwa mwaka 1572–73 na mtu wa asili ya Uhabeshi aliyekuwa katika watu wa jemadari Bilal Jhujhar Khan, chini ya sultani wa mwisho wa Gujarat. “Sidi” ndilo jina waliloitwa Waafrika na vizazi vyao huku. Wengine waliletwa utumwani na kupanda mpaka kuongoza majeshi. Vizazi vyao wapo Gujarat mpaka leo, na ngoma yao ya kidini wanaiita goma. Sikio la Mswahili halihitaji kutafsiriwa. Ila mwenye msikiti huu alikuwa Mhabeshi, tusimfanye mtu wa Tanga.

Msikiti ni mdogo, unaweza kuupita ukidhani ni kituo cha basi katikati ya barabara. Thamani yake ni madirisha ya mawe yaliyotobolewa, yenye umbo la nusu duara. Mengi yana michoro ya miraba. Mawili ya ukuta wa nyuma yana mti unaojisokota na mitende, matawi membamba kama uzi wa lasi, vyote kwenye mawe. Kati ya hayo mawili, sehemu ya katikati imezibwa kwa mawe matupu.

Saa ya kufika ndiyo inayoharibu ziara za wengi. Kwetu kibla ni kaskazini. India ni magharibi. Ukuta wenye madirisha ndio ukuta wa kibla, yaani jua linauangaza kwa nyuma wakati wa kuzama. Asubuhi ukiwa ndani utaona jiwe la kijivu tu. Saa moja na nusu hivi kabla ya magharibi mwanga hupenya na mti huchoreka mweusi juu ya dhahabu. Msimu wa baridi jua linazama kama saa kumi na mbili, kwa hiyo fikeni saa kumi na nusu. Mei na Juni linakawia mpaka saa moja na dakika kadhaa, nanyi mchelewe vivyo hivyo. Adhana ya magharibi isiwakute mmejazana ndani. Wanawake kwa kawaida hawaingii chumba cha sala, lakini madirisha yote yanaonekana vizuri kutoka bustanini, nyuma, bila ngazi hata moja.

Ya kuacha

Kisima cha ngazi cha Adalaj, cha 1499, ni kazi ya ajabu: ghorofa tano kwenda chini, nguzo na nakshi mpaka kwenye maji. Kipo kilomita 18 hivi nje ya mji. Ghorofa tano kwenda chini ni ghorofa tano za kupanda, kwa hiyo si cha Jumamosi hii. Wewe peke yako unaweza kwenda asubuhi nyingine.

Makumbusho ya vitambaa ya Calico, yaliyoanzishwa 1949, yanaingiza watu wachache kwa siku, kwa nafasi ya kuweka mapema, bila simu wala mkoba, na hufungwa Jumatano. Mkiwa hamjaweka nafasi, dereva anayewaambia “tutajaribu” anawapotezea saa nzima. Hekalu la Hutheesing, la Wajaini (dini ya huku isiyotaka kiumbe kidhurike), la marumaru nyeupe, 1848, linaweza kuchukua nafasi ya Ashram ikiwa shangazi hataki historia ya siasa. Hufungwa mchana, na mkanda au mkoba wa ngozi hauingii.

Kuhusu maduka: patola, kitambaa cha hariri cha mji wa Patan, ikiwa halisi hufumwa kwa nyuzi zilizotiwa rangi kabla, za mtande na za mshindio (za urefu na za upana) zote mbili, na huchukua miezi. Bei yake hutajwa kwa laki, na laki ya huku ni hiyo hiyo ya kwetu, mia elfu. Patola ya rupia elfu mbili ni ya kuchapwa rangi juu. Geuza kitambaa: halisi haina mgongo, rangi ni ileile pande zote. Kama shangazi anataka zawadi za kawaida, soko la Dhalgarwad karibu na Teen Darwaza litamfaa kuliko duka lolote la dereva.

Usiku

Manek Chowk ile ya masonara, maduka yakifungwa, hugeuka kuwa jiko. Kuanzia kama saa mbili na nusu hadi saa tatu usiku meza hupangwa na huendelea mpaka kupita saa sita. Bhaji ya viazi na mboga kwa mkate wa siagi, dosa (chapati nyembamba ya mchele na dengu), kulfi (aiskrimu ya huku) ya kukatwa vipande. Viti ni vya plastiki, vya chini. Mchagulieni shangazi meza ya pembeni ili anyooshe mguu bila kukanyagwa. Nusu saa inatosha. Kurudi, msingoje bajaji ndani ya uwanja, tokeni mpaka barabara ya Gandhi.

Mkoba wenu wa siku nzima: nakala ya pasipoti na viza, dawa za shangazi kwa saa zake, viatu vya kuvua bila kuinama, na namba ya dharura 112, au 108 kwa gari la wagonjwa.

Sasa huyo dereva. Usimfukuze, mpunguzie kazi. Mwajiri nusu siku tu, kuanzia 3:00 alasiri kwa saa ya simu, na uandike kwenye karatasi: hoteli, Ashram, Sidi Saiyyed, hoteli. Mpatane kabla kwamba bei ina maegesho ndani yake na kwamba hakuna duka njiani. Ili asiongeze sehemu ya tatu mwenyewe, mlipeni nusu mwanzo wa safari, na nusu nyingine mkishafika mlangoni.